LORI LETU NA MLIMA WA SARANDA
Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na viongozi, Nkuhungu, Dodoma



Sisi wa kamati ya usafirishaji tumepewa heshima ya kusema machache katika sherehe hii ya miaka 10. Wenzetu wamekwisha kueleza habari za bei na za akiba. Sisi tutasema habari za lori, kwa kuwa mazao yasiyofika sokoni ni sawa na mazao yasiyovunwa.

Njia ya Singida twaijua sote. Yateremka mpaka Bahi, yapita Kintinku katika tambarare ya Bonde la Ufa, kisha yapanda Saranda kuelekea Manyoni. Katika mwaka wetu wa tatu, lori letu lenye tela la alizeti lilishindwa hapo Saranda. Tambarareni lilikwenda vema. Mlimani likaishiwa nguvu, likatoa moshi mweusi, likasimama. Safari ya pili ikawa vivyo hivyo. Magunia yakachelewa, na wanachama wakangojea fedha za karo.

Hapo tulikosa, nasi twakiri mbele yenu. Baadhi yetu tulimshuku dereva kwamba auza dizeli njiani. Wengine tulitaka pampu mpya inunuliwe, na mmoja wetu akashauri lori liuzwe. Hakuna aliyemwuliza dereva ameona nini. Fundi mzee alipokuja, alianza kwa kumwuliza yeye. Kisha akafungua chujio la hewa, akalikuta limejaa vumbi. Akakagua tela, akakuta breki ya gurudumu moja imeng'ang'ania na kitovu chake kina moto mkali. Kumbe lori lilikosa pumzi, na huku lakokota gurudumu lililofungwa! Dereva hakuwa mwizi. Tulimtaka radhi siku ile, na leo twamtaka radhi tena hadharani.

Mtauliza, mbona ubovu ulijificha tambarareni? Lori, tela na shehena vikiwa tani 30, kwenye mwinuko upandao mita 1 kwa kila mita 20, uzito urudishao gari nyuma ni kama tani 1 na nusu. Injini hudaiwa nguvu zake zote, na dosari ndogo huonekana. Tena uwanda wetu una kimo cha zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari. Hewa ni pungufu kwa kadiri ya sehemu moja katika kumi kuliko ya pwani, na injini isiyo na turbo hupungukiwa nguvu kwa kiasi hicho.

Basi tangu siku ile tumeshika utaratibu huu. Kwanza gari lisimame mahali salama, na mawe yawekwe nyuma ya magurudumu.

Tutazame moshi. Mweusi waonyesha kwamba hewa haitoshi dizeli iingiayo: tukague chujio la hewa na mipira ya hewa ya turbo. Ikiwa nguvu zakatika bila moshi mwingi, huenda dizeli haifiki: tukague chujio lake, maji yaliyoingia, na tundu la hewa la kifuniko cha tangi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua.

Tusikilize injini. Ikivuma kwa kasi na gari lisiongeze mwendo, pakawa na harufu ya kuungua, klachi yateleza.

Tusogeze kiganja karibu na kila kitovu cha gurudumu, bila kukigusa. Kilicho na moto kuliko vingine kina breki iliyoshika au beringi mbovu.

Tuangalie joto la maji, wala tusifungue rejeta ingali moto.

Hayo yakiisha ndipo tuzishuku pampu, nozeli na turbo, maana hizo ndizo zenye gharama kubwa.

Nanyi viongozi, twawaomba mambo mawili: lori lisipakiwe kupita kiasi chake, na daftari la dereva lisomwe kila arudipo. Aliyeshika usukani ndiye wa kwanza kulisikia gari likilalamika. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta; nasi tulikuwa karibu kununua ukuta mzima kwa ajili ya chujio moja la vumbi.

Twawatakia miaka 10 mingine yenye heri na mavuno.