Kicheko Kitufunze Kiingereza

(Hotuba fupi iliyotolewa Bariadi mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa)



Watoto wengi wa Simiyu huongea Kisukuma nyumbani, husoma kwa Kiswahili shule ya msingi, kisha kidato cha kwanza masomo karibu yote huwa kwa Kiingereza. Matokeo yake, kijana huandika "photosynthesis" bila kosa, lakini akiulizwa jina la ufagio au ndoo, hunyamaza.

Video za vichekesho zinaweza kuziba pengo hilo, mkichagua vema. Filamu zinazotafsiriwa kwa Kiswahili juu kwa juu huburudisha, lakini sauti ya mtafsiri hufunika Kiingereza. "Mind Your Language", mchezo wa Uingereza ulioanza mwaka 1977, unaonyesha wageni wakijifunza Kiingereza darasani London. Humo kicheko hutokana na neno lililokosewa. Asiyelijua neno hacheki.

"Mr. Bean", ulioanza mwaka 1990, una maneno machache mno. Basi maneno tieni ninyi! Simamisheni picha. Mmoja ataje kila kitu kinachoonekana. Mwingine aeleze kinachotendeka: anapiga mswaki, anavaa soksi. Neno lisilojulikana liandikwe daftarini, litafutwe katika kamusi, na kesho litumike mnapofagia bweni.

Mwenzenu akikosea, chekeni naye, msimcheke. Anayeogopa kuchekwa hatasema kamwe.