Gongo la Mama na Kadi ya Bima

(Hotuba iliyosomwa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu wetu, wahitimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mlioketi majanini kwa kuwa sisi wazee tumewanyang'anya madawati:

Nashukuru kwa heshima mliyonipa. Katibu aliponiandikia nizungumzie bima ya afya, nilidhani anataka maelezo ya sheria. Hayo nitayapitia upesi, maana nilichokuja nacho hasa ni habari ya gongo moja lililovunjika.

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999, ukaanza kazi mwaka 2001. Sisi watumishi wa serikali tunakatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri naye anaongeza asilimia 3. Kadi inamhudumia mchangiaji, mwenzi wake na wategemezi wasiozidi wanne. Mama yangu ni mmoja wa wategemezi wangu.

Mama anaishi upande wa Ipinda. Miaka michache iliyopita aliteleza akianua mpunga, akavunjika nyonga. Alitibiwa, akapewa magongo mawili ya aluminiamu kwa kadi hiyo, wala hatukutoa hata senti moja. Lakini nchi yetu ya Kyela mnaijua. Mvua ya mwaka kwa kawaida hupita milimita 2,000, na ifikapo Aprili njia ya kwenda chooni huwa jaruba. Raba za chini ya magongo zililika kabla ya mwaka kwisha. Pini ya chuma ya kurekebishia urefu ikashika kutu, tundu lake likapanuka, na asubuhi moja gongo la kushoto likapasuka hapo hapo.

Mdogo wangu alilipeleka kwenye kituo kimoja ambacho sitakitaja. Karani wa dirishani akatazama kompyuta, akasema mama ameshapewa magongo na haoni ugonjwa mpya. Nilipigiwa simu nikiwa kikaoni Dodoma. Nikajibu kama tunavyojibu sote maofisini: "Subirini kidogo, nitafuatilia." Zikapita siku nane.

Mtaniuliza, bwana mkubwa mzima, kwa nini hukununua? Fedha nilikuwa nazo. Lakini nilikuwa na kiburi cha haki yangu: nakatwa kila mwezi, basi wanipe! Siku ya tisa mama alitoka na gongo moja, na mkono wa pili ameshika fito ya uani. Akaanguka, akavunjika kifundo cha mkono. Picha ya eksirei na hogo vyote vililipwa siku ile ile kwa kadi ile ile, bila swali.

Ndipo nikaomba ruhusa nikasafiri. Nilifika nikiwa nimejiandaa kugomba, na nikakuta karani ni kijana mpole tu. Karatasi aliyoletewa ilisema: "Gongo limevunjika, tunaomba lingine." Mimi mwenyewe, kwa kazi yangu, ningeirudisha. Bima ya gari hufidia gari. Bima ya afya haijui gongo. Inamjua mgonjwa na hali yake ya leo. Ombi letu lilimzungumzia gongo, likamsahau mama.

Basi tulianza upya. Daktari alimpima mama kana kwamba hajawahi kumwona. Akaandika kwamba mguu bado haubebi uzito, kwamba anahitaji magongo mawili ya urefu fulani, kwamba ya zamani yamepasuka mahali fulani na hayatengenezeki, na kwamba bila hayo ataanguka tena, kama alivyokwisha kuanguka. Gongo lenyewe tulikuwa nalo mkononi. Namshukuru mdogo wangu kwa kutoliuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ijumaa iliyofuata tulipewa mapya.

Kwa hiyo, ndugu zangu wenye wazee majumbani, wekeni nakala ya cheti cha kwanza pamoja na kadi. Kifaa kikiharibika msikitupe. Mkikataliwa, ombeni sababu kwa maandishi, kwa adabu. Jibu la mdomo halina mahali pa kukatia rufani. Wenye bima za kampuni binafsi wasome mkataba kabla ya ajali, kwa maana mingine huweka kikomo cha fedha kwa vifaa vya namna hii, na mingine haivigusi kabisa. Jambo hili si letu watumishi peke yetu. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, nayo inamtaka kila mkazi awe na bima, mkulima wa kakao na mvuvi wa Matema wakiwamo.

Nanyi wanafunzi, likizo ijayo pindueni gongo la bibi mtazame raba yake. Ikiwa imelika hadi chuma kinaonekana, msingoje bima wala msimngoje mjomba aliyeko Dodoma. Pale kijijini kwetu fundi seremala alimchongea mama gongo la mti kwa mchana mmoja, akalivisha kipande cha tairi chini. Halitelezi hata kidogo. Laiti ningempigia yeye simu siku ile ya kwanza, badala ya kusema nitafuatilia.

Magongo mapya, Ndugu Mwenyekiti, yalikaa wiki sita yameegemezwa ukutani. Mkono uliokuwa ndani ya hogo haukuweza kuyashika.