Baiskeli ya giya moja: Punguza uzito, usipunguze breki



Msikilizaji wetu mmoja anayeishi kaskazini mwa Uingereza ametuandikia kuwa amenunua baiskeli kuukuu ya milimani, akaing'oa giya zote na kubakiza moja tu. Sasa ataka kuipunguzia uzito zaidi. Anauliza: je, aiondoe breki ya nyuma, au azitupe breki za diski na kufunga zile za kubana ringi, ambazo ni nyepesi?

Swali hilo lina historia ndefu. Tarehe 21 Oktoba mwaka 1976, vijana wa wilaya ya Marin, katika jimbo la California nchini Marekani, walianza kushindana kuteremka njia ya vumbi karibu na mji wa Fairfax. Wengi wao walitumia baiskeli nzito za zamani zenye breki ndani ya habu ya nyuma, ile ambayo mtu huikaza kwa kukanyaga pedeli kinyumenyume. Mteremko ulikuwa mkali kiasi kwamba grisi ya habu iliungua ikatoa moshi, na baada ya kushuka ikabidi habu ifunguliwe na kujazwa grisi upya. Kutokana na kazi hiyo njia ile ikaitwa Repack, yaani kujaza tena. Basi tangu asili yake, baiskeli ya milimani imefundisha kwamba gurudumu la nyuma peke yake halitoshi kuisimamisha.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Mtu anapofunga breki, uzito wake husukumwa mbele. Gurudumu la mbele hukandamizwa ardhini, na la nyuma huwa jepesi, likateleza upesi. Kwa hiyo breki ya mbele ndiyo ifanyayo kazi kubwa. Hata hivyo, ya nyuma haiachwi: kwenye kokoto, matope au kona yenye majani mabichi, ndiyo inayopunguza mwendo pasipo kumwangusha mwendeshaji.

Sheria nayo imesema. Kanuni za mwaka 1983 nchini Uingereza zataka baiskeli ya mtu mzima yenye friwili iwe na breki mbili zinazojitegemea, moja mbele na moja nyuma, inapotumika barabarani. Na sheria hiyo si ya makaratasi tu. Mwaka 2016, jijini London, mwanamke aliyekuwa akivuka barabara aligongwa na baiskeli isiyokuwa na breki ya mbele, akafariki dunia. Mwaka uliofuata mwendeshaji alihukumiwa kifungo cha miezi 18. Gramu chache za breki hazilingani na roho ya mtu.

Tukija kwenye uchaguzi wenyewe, breki za kubana ringi ni rahisi kuzitengeneza, na raba zake hupatikana karibu kila mahali. Kwenye nchi kavu zinatosha. Lakini matope na mchanga hugeuka msasa baina ya raba na ringi, na ringi ikilika hadi kuwa nyembamba, hupasuka. Ringi ikipinda kidogo, breki nayo huyumba.

Breki za diski ni nzito zaidi, pengine kwa gramu mia moja au mia mbili hivi kwa kila gurudumu, ukihesabu na habu yake. Faida yake ni kwamba diski i mbali na matope, na hushika vizuri hata mvua inaponyesha. Zipo za waya na zipo za mafuta. Za mafuta ni nyororo mkononi, ila ni lazima mtu ajue aina ya mafuta iliyoandikwa na kiwanda. Baadhi hutumia mafuta ya madini, nyingine yale ya breki za magari, na kuyachanganya huharibu mipira ya ndani.

Hapa baiskeli ya giya moja ina jambo lake la pekee. Haina kile kibadilisha giya chenye springi kinachokaza mnyororo. Mnyororo ukilegea, fremu nyingine humtaka fundi avute gurudumu la nyuma. Gurudumu likisogea, raba haziigusi ringi pale pale, na diski huachana na pedi zake, kwani kalipa imefungwa kwenye fremu. Ndiyo maana fremu zilizoundwa kwa kazi hii huwa na kishikio kinachosogea pamoja na kalipa. Mwenye fremu iliyokuwa na giya hufunga kikaza mnyororo chenye springi, na gurudumu likabaki mahali pake. Basi aitazame fremu kwanza: ikiwa haina vishikizo vya breki za ringi, shauri limekwisha.

Kuhusu uzito, wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kuondoa vibadilisha giya, mikono yake, waya na rundo la meno ya nyuma kumekwisha kumpunguzia takriban kilo moja. Hatua inayofuata ni magurudumu. Uzito ulioko kwenye tairi na ringi huzungushwa na pia husukumwa mbele, hivyo huhisiwa karibu maradufu kila mtu anapoongeza mwendo. Mwenye giya moja huongeza mwendo kwa miguu yake mitupu kila kilima kinapoanza. Tairi jepesi kidogo, au tairi lisilo na tyubu lenye maji ya kuzibia matundu, litamsaidia kuliko skrubu za bei kubwa.

Lakini asipunguze usukani, wala nguzo ya kiti, wala krenki. Mwendeshaji wa giya moja hupanda akiwa amesimama, akiuvuta usukani kwa nguvu zote. Kifaa chembamba kikikatika hapo, hakuna onyo.

Kwa hiyo ndugu msikilizaji abaki na breki mbili, diski kubwa kidogo ikiwa mbele endapo fremu na uma wake vinaruhusu, na fedha azipeleke kwenye magurudumu. Na kabla ya kila safari, aibane mikono yote miwili na kuisukuma baiskeli mbele: magurudumu yasizunguke.