Sauti Iliyobadilishwa: Uhariri wa Vibonzo vya Watoto katika Marudio ya Televisheni



1. Utangulizi

Natoa shukrani kwa heshima niliyopewa ya kutoa mhadhara huu. Mada niliyoichagua huenda ikaonekana nyepesi kwa jukwaa la taaluma za Kiswahili, kwa kuwa vibonzo huhesabiwa kuwa mchezo wa watoto. Hata hivyo, mtoto wa leo hukutana na lahaja na lafudhi mbalimbali mbele ya televisheni kabla hajaketi darasani, na mara nyingi anachokisikia kimekwisha kupita mikononi mwa mhariri asiyejulikana. Sisi tuliozoea kulinganisha miswada ya tenzi tunapaswa kuliuliza hapa swali lile lile tunaloliuliza tunaposoma Al-Inkishafi: nakala hii ni ipi, nani aliibadilisha, na kwa sababu gani?

Hoja yangu ni kwamba mrushaji wa matangazo anaweza kuwa na sababu njema ya kubadili kipindi cha watoto kinaporudiwa, maana mtoto anastahili kulindwa. Asichokuwa na haki nacho ni kubadili kimyakimya. Madhara ya ukimya huo huwa makubwa zaidi pale kinachobadilishwa kinapokuwa sauti ya binadamu. Mfano wangu mkuu ni vibonzo vya Kimarekani vya Tom and Jerry, ambavyo historia yake ya uhariri inatuonyesha karibu kila njia ya udhibiti inayotumika katika marudio.

2. Kukata kwa ajili ya usalama

Zipo sababu za kukata ambazo hazina ubishi mkubwa. Tarehe 16 Desemba 1997, sehemu moja ya kibonzo cha Pokémon ilirushwa nchini Japani ikiwa na mwako wa haraka wa rangi nyekundu na buluu. Watoto wapatao 685 walipelekwa hospitalini, baadhi yao wakiwa na degedege. Sehemu hiyo haikurudiwa tena, na katika sehemu za awali mimweko ya namna hiyo ilipunguzwa. Hapa mhariri alikuwa anaulinda mwili wa mtazamaji.

Suala la pili lina utata kidogo. Mwaka 2006 mtazamaji mmoja nchini Uingereza alilalamika kwa Ofcom, mamlaka inayosimamia utangazaji nchini humo, kuhusu uvutaji wa tumbaku katika vibonzo viwili vya Tom and Jerry vilivyorushwa na chaneli ya Boomerang, yaani Texas Tom na Tennis Chumps. Katika cha kwanza, paka anasokota sigara kwa mkono mmoja ili ampendeze paka jike. Kampuni ya Turner, iliyomiliki chaneli hiyo, ilipitia vibonzo zaidi ya 1,500 na kuahidi kuondoa mahali ambapo uvutaji ulionyeshwa kuwa jambo la kupendeza. Mtu anaweza kutokubaliana na uamuzi huo, lakini angalau ulikuwa wa wazi: malalamiko, sababu na kipimo vilitangazwa hadharani. Kila mzazi aliweza kujua kilichoondolewa.

3. Mwanamke asiyekuwa na uso

Sasa nigeukie jambo linalotuhusu sisi wanaisimu. Kibonzo cha kwanza cha Tom na Jerry, Puss Gets the Boot, kilichobuniwa na William Hanna na Joseph Barbera katika kampuni ya MGM, kilitoka Februari 1940. Mwezi huo huo Hattie McDaniel alikuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Oscar, na aliipata kwa kuigiza mtumishi wa nyumbani. Ndani ya kibonzo hicho yumo mwanamke Mweusi mwenye umbo kubwa. Twaiona miguu, mikono na aproni yake. Uso wake karibu hauonekani kabisa. Watazamaji walikuja kumwita Mammy Two Shoes. Tangu 1940 hadi 1952 sauti yake ilitolewa na Lillian Randolph, mwigizaji mashuhuri wa redio, ambaye jina lake halikuandikwa kwenye vibonzo hivyo.

Lugha ya mhusika huyu yataka kuchambuliwa kwa uangalifu, kwa kuwa mambo mawili tofauti yamechanganywa ndani yake. Kwanza, zimo sifa za kisarufi za Kiingereza cha Wamarekani Weusi, kwa mfano matumizi ya umbo moja la kitenzi kwa nafsi zote. Kazi za William Labov, hasa zile za mwaka 1969 na 1972, zilithibitisha kwamba lahaja hiyo ina kanuni zake kamili na haina upungufu wowote wa kimantiki. Pili, kuna dhihaka iliyopachikwa na watunzi. Katika kibonzo hicho cha kwanza mwanamke huyu anamtishia paka kwamba atamtupa nje, kisha anaitahajia "nje" ya Kiingereza kwa kukosea herufi. Kosa hilo halimo katika sarufi ya lahaja yoyote. Ni dai la mwandishi kwamba msemaji wa lahaja hiyo hakusoma. Jumuiya ya kutetea haki za Wamarekani Weusi, NAACP, ilimpinga mhusika huyu, na malalamiko yake yalikuwa na msingi.

4. Marekebisho mawili

Mwaka 1965 vibonzo hivi vilianza kuonyeshwa na televisheni ya CBS siku za Jumamosi. Ili vifae kwa watoto, timu ya Chuck Jones iliyokuwa MGM ilipewa kazi ya kuvirekebisha. Katika vibonzo kadhaa mwanamke Mweusi alifutwa, na mahali pake pakachorwa mwanamke Mweupe mwembamba, ambaye sauti yake, iliyotolewa na June Foray, ilikuwa na lafudhi ya Kiairishi.

Tuutazame uamuzi huu. Katika Marekani ya karne ya 19, msichana wa Kiairishi ndiye aliyekuwa mtumishi wa kuchekwa katika magazeti na majukwaa ya michezo. Mhariri aliondoa kejeli moja akaweka nyingine, ila ya pili ilikuwa imezeeka kiasi cha kutomuudhi mtu. Katika Saturday Evening Puss ya mwaka 1950 mabadiliko yalikwenda mbali zaidi. Kibonzo cha awali kinamwonyesha mwanamke huyu akijipamba na kwenda kucheza karata kwenye klabu yake; ana marafiki na usiku wake mwenyewe wa starehe, na kwa nukta chache uso wake unaonekana. Katika toleo la televisheni nafasi yake ilichukuliwa na kijana wa kike Mweupe anayekwenda dansini. Hivyo, mwaka mmoja tu baada ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, mtoto Mweusi aliyewasha televisheni aliepushwa na tusi, na papo hapo akanyimwa mtu wa kufanana na mama yake.

Marekebisho ya pili yalifuata baada ya Turner kuimiliki maktaba ya filamu za MGM mwaka 1986. Safari hii picha ya mwanamke Mweusi ilirudishwa, lakini sauti ya Randolph iliondolewa katika vibonzo vingi na kuingizwa ya Thea Vidale, mchekeshaji Mweusi, akisema maneno yale yale kwa lahaja iliyopunguzwa makali. Kwa mwanaisimu tukio hili linafundisha mengi. Mwili wa mwanamke ulikubaliwa. Sarufi yake haikukubaliwa. Mhariri hakutenganisha dhihaka na lahaja, na kwa hiyo alifundisha bila kukusudia kwamba lahaja yenyewe ndiyo tusi. Naye Randolph, ambaye hakuwahi kuandikwa jina, sasa hakubakiwa hata na sauti.

5. Njia ya utangulizi

Ipo njia ya tatu. Mwaka 2005 baadhi ya vibonzo hivi vilitolewa kwenye DVD vikiwa na utangulizi wa mwigizaji Whoopi Goldberg, akieleza kwamba vina chuki za wakati wake, na kwamba kuviondoa kungekuwa sawa na kudai chuki hizo hazikuwapo. Wahenga wetu walilisema hilo mapema: mficha maradhi kifo humuumbua.

Sisemi kwamba utangulizi unatosha. Mtoto wa miaka 4 hasomi onyo, na hata akisomewa hataelewa historia ya utumwa. Samaki mkunje angali mbichi. Picha anazozizoea mtoto ndizo zitakazomkunja. Kwa hiyo sioni ubaya kituo cha watoto kikiacha kurusha kibonzo fulani. Kuacha ni kitendo cha uaminifu: kitu hakipo, na kila mtu ajua hakipo. Toleo lililobadilishwa bila tangazo hudai kuwa ndilo la asili.

6. Funzo kwa taaluma za Kiswahili

Kiswahili kina uzoefu wake wa kuhaririwa kwa ajili ya watoto. Tangu mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipitia vitabu vya shule na kuvilinganisha na Kiswahili Sanifu kilichojengwa juu ya Kiunguja. Faida zake tunazijua, na gharama kwa lahaja nyingine tunazijua pia.

Fikirini kuhusu kipindi cha Vitimbi cha Kenya. Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alimwigiza Mzee Ojwang kwa Kiswahili chenye lafudhi nzito ya Kijaluo, ilhali yeye mwenyewe hakuwa Mjaluo. Je, lafudhi ile ilikuwa dhihaka, mapenzi, au vyote viwili? Swali hilo ni halali na wanafunzi wetu wanapaswa kulitafiti. Lakini mtu akiamua kesho kuvirudia vipindi hivyo na kuingiza sauti ya Kiswahili Sanifu, swali lenyewe litakufa, kwa kuwa ushahidi utakuwa umefutwa.

Napendekeza basi kanuni tatu. Nakala ya kwanza ihifadhiwe na iwe wazi kwa watafiti. Kila badiliko litajwe mwanzoni mwa kipindi, kama mhariri wa utenzi anavyotaja tofauti za miswada. Na jina la mwenye sauti, ya kwanza na iliyoingizwa, liandikwe. Nanyi wanafunzi, mnapokusanya data kutoka vipindi vya televisheni, semeni mmetumia toleo lipi. Asiyefanya hivyo anaweza kuchambua lahaja ya mhariri akidhani ni ya msemaji.

7. Hitimisho

Kumlinda mtoto ni wajibu, na uhariri ni chombo kimojawapo cha kuutimiza. Lakini mtoto huyo atakua, na atakapokua atakuwa na haki ya kuuliza alichofichwa na kwa nini. Jamii inayohariri kwa uwazi itakuwa na jibu la kumpa.