Uzoefu wa Miaka Mitatu Atautoa Wapi?

Msikilizaji, chukua tangazo la kazi ya kutengeneza programu za kompyuta jijini Dar es Salaam, usome sifa za mwombaji. Shahada, sawa. Halafu mara nyingi unakutana na hili: uzoefu usiopungua miaka mitatu. Kijana aliyevua joho la mahafali juzi, awe wa Dodoma au Kijitonyama, atautoa wapi?

Wengi wao hawajakaa bure. Yupo aliyemtengenezea mjomba wake mwenye duka Kariakoo programu ya simu ya kuhesabu mzigo. Duka likifungwa jioni, mjomba anajua mabegi mangapi yamebaki stoo na nani anadaiwa. Programu hiyo imetumika, imegoma, imerekebishwa. Huo ni uzoefu. Lakini kwenye usaili haombwi aionyeshe programu hiyo. Anaombwa barua ya mwajiri wa zamani.

Na tusiseme vijana wetu hawawezi. GePG, mfumo unaopokea malipo ya serikali, ulijengwa na wataalamu wa Kitanzania, nao walianzia mahali.

Serikali ina mpango wa utarajali, na ni jambo jema. Zipo pia kampuni zinazopokea wahitimu wajitolee, ila bila hata nauli. Anayetoka Mbagala kwenda Posta kila siku hawezi kuishi hivyo miezi sita.

Waajiri, ombi letu ni hili: kwa nafasi za kuanzia, ondoeni sharti la miaka mitatu. Mpeni mwombaji kazi ndogo aifanye mbele yenu, na anayejitolea kwenu mlipeni nauli na chakula.