Kando ya Ngezi Pasikatwe



Barazani kwetu Mgogoni, Pemba, na hata sokoni Konde, kuna kauli inayorudiwa kila panapozuka habari za mbao: “Sisi hatukati Ngezi, tunakata pembeni.” Husemwa kwa utulivu, kana kwamba kesi imekwisha. Leo naipinga kauli hiyo, na naipinga yote. Biashara ya mbao na mkaa isiruhusiwe kando ya msitu wa Ngezi, hata kama mti wenyewe uko hatua mia nje ya mpaka.

Tuangalie kwanza ukubwa wa kitu chenyewe. Pemba ni kisiwa cha kilomita za mraba zipatazo 980, na sensa ya 2022 ilitukuta zaidi ya watu 540,000. Pengi palipokuwa na msitu mnene leo ni mikarafuu, minazi, mihogo na nyumba. Msitu wa Ngezi, unaohifadhiwa tangu miaka ya 1950, ni hekta 1,440 hivi. Haufiki sehemu mbili katika mia za kisiwa. Humo mna mivule iliyowakuta babu zetu wakiwa watoto. Mna mpapindi, mti wa jamii ya mnazi ambao asili yake duniani kote ni hapa Pemba tu. Na kuna ndege aina nne ambao kwao ni kisiwa hiki peke yake: bundi mdogo wa Pemba, ninga, chozi na kinengenenge. Wakikosa pa kukaa hapa, hawana pengine pa kwenda.

Sasa mpaka. Mpaka wa hifadhi umechorwa na watu, kwenye ramani. Mti mkubwa ulioko ndani umekua ukikingwa na miti ya kando. Ukiifyeka ile ya kando, jua linaingia kutoka ubavuni na kusi inapiga vigogo ambavyo havijawahi kupigwa na upepo. Ardhi inakauka, miche iliyozoea kivuli inakufa, magugu yanayopenda jua yanajaa. Baada ya miaka michache mti wa ndani unaanguka wenyewe. Hapo ndipo anapotokea mtu na kusema: mti umeshaanguka, kwa nini uoze bure? Basi msumeno wa moto umeshaingia ndani, na njia ya gari la ng'ombe iliyofunguliwa kwa gogo moja inabaki wazi kwa magogo mengine. Tena usisahau tanu la mkaa. Moto wa tanu lililoachwa bila mlinzi wakati wa kaskazi hausomi bango la hifadhi.

Popo wetu wakubwa hawajui mpaka huo pia. Mchana wananing'inia kwenye miti mirefu, usiku wanatawanyika kula maembe na matunda mengine mashambani, na huko wanakopita wanaangusha mbegu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamepungua kiasi cha kuhofiwa kwamba wanatoweka. Leo wanahesabiwa kwa maelfu, na sehemu kubwa ya kazi ya kuwaokoa imefanywa na wanavijiji wa Pemba waliokubali kuacha kuwawinda na kuyalinda malalo yao. Watu hao hao ndio tunaoambiwa kwamba hawawezi kuelewa habari ya msitu.

Ngezi wenyewe ulishawahi kukatwa kwa biashara. Kulikuwa na mashine ya kupasulia mbao humo, na mivule mingi mizuri ilikwenda nayo. Na si Ngezi peke yake. Jioni yenye anga safi, ukisimama pwani yetu ya magharibi, unaweza kuiona milima ya Usambara ng'ambo ya mkondo. Kule Usambara Mashariki, katika miaka ya 1970 na 1980, kiwanda cha mbao cha Tanga kilikata magogo ya msitu wa asili kwa mashine zilizopatikana kwa msaada wa Ufini. Palipofunguliwa, ukaingia mti mgeni unaokua haraka na kuchukua nafasi ya miti ya asili. Kelele za wanasayansi zikawa kubwa, Ufini ikageuza msaada wake kuwa wa kuhifadhi, na mwaka 1997 ikatangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani. Lakini ule mti mgeni haukuondoka. Upo mpaka leo.

Najua jibu ninalotayarishiwa: vijana wetu wale nini? Ni swali la haki na sitalikwepa. Karafuu haizai kila mwaka sawasawa, na mwaka wa ukame wa karafuu kila nyumba ya Mgogoni inauhisi. Lakini tazama anayenufaika na mbao. Kijana anayebeba gogo begani analipwa ujira wa siku moja. Mwenye msumeno, mwenye gari na mwenye duka la mbao mjini ndio wanaobaki na faida. Mvule ule hautarudi katika umri wa kijana huyo. Mbao za kujengea zitoke kwenye mivinje, mikeshia na misaji iliyopandwa kwa kusudi hilo, na vijana walipwe kuipanda, kuipalilia na kuivuna. Mama anayeokota kuni kavu za kupikia simgusi katika maneno haya. Ninayemzungumzia ni anayejaza gari.

Ardhi ya kando ya Ngezi ni ya umma. Sheria ya Misitu ya Zanzibar, Namba 10 ya 1996, imezipa jamii nafasi ya kuingia mkataba na serikali na kusimamia misitu iliyo jirani nazo. Nafasi hiyo tuitumie kwa ukanda wote unaouzunguka Ngezi, na mkataba uandike wazi kwamba ukataji wa biashara humo ni marufuku. Naiomba Idara ya Misitu isitoe kibali kipya cha biashara kwenye ukanda huo wakati mazungumzo yakiendelea. Na nawaomba masheha wetu, kwa heshima zote, kabla ya kutia saini barua ya mtu yeyote anayetaka kukata, waende naye mpaka kwenye mti wenyewe, waangalie gogo litapita wapi, na barua isomwe mbele ya kamati ya shehia, mchana, watu wakiwapo.