Kura Moja kwa Kila Mwanachama: Mafunzo kutoka Michezo ya Kompyuta

(Hotuba iliyotolewa mbele ya makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi. Inachapishwa hapa kwa faida ya wanachama wote.)



Jambo nililoombwa kulizungumza huenda wengine wataliona kuwa halituhusu, yaani taratibu za uongozi na upigaji kura katika michezo ya kompyuta inayotawaliwa na wachezaji wenyewe. Lakini vijana wetu wenye simu wameisikia michezo hiyo, na baadhi yao wameanza kuuliza kwa nini chama kisipige kura kwa njia ile. Aidha, wako wanaokwenda mbele zaidi na kusema kwamba mwenye mali nyingi chamani apewe kura nyingi, kama ilivyo huko. Swali hilo linastahili jibu la hoja, wala si la kukemea.

Kwanza tuelewe jinsi michezo hiyo inavyoendeshwa. Msingi wake ni daftari la hesabu liitwalo blokicheni. Nakala za daftari hilo huwekwa katika kompyuta nyingi zilizotawanyika duniani, na kila ukurasa mpya hufungwa kwa alama inayotokana na ukurasa uliotangulia. Kwa hiyo mtu akifuta mstari wa zamani katika nakala yake, nakala za wenzake zitamsuta. Humo huandikwa mali ya kila mchezaji: kiwanja, mnyama wa kuchorwa, au tokeni, ambayo ni mfano wa stakabadhi yenye thamani inayoweza kuuzwa na kununuliwa. Lakini mwenye mali haandikwi kwa jina lake. Huandikwa kwa namba ya mkoba wake, na mtu mmoja aweza kuwa na mikoba mingi kadiri apendavyo. Naomba jambo hili la namba mlishike, maana ndilo kiini cha maneno yangu.

Nitoe mfano wa Decentraland, mchezo ulioanzishwa na Ari Meilich na Esteban Ordano wa Argentina. Mnamo Agosti 2017 tokeni zake, ziitwazo MANA, ziliuzwa kwa mara ya kwanza, na zikapatikana dola za Marekani zipatazo milioni 24 katika muda usiofika dakika moja. Mwezi Februari 2020 mchezo ulifunguliwa kwa watu wote, na uongozi wake ukakabidhiwa jumuiya ya wenye mali ndani yake. Nchi hiyo ya kwenye kompyuta ina viwanja 90,601. Jumuiya ilipewa uwezo wa kutoa ruzuku kwa miradi, kukataza majina machafu, na kubadili kanuni zenyewe.

Je, kura zilihesabiwaje? Kwa kanuni walizojiwekea, MANA moja ilikuwa kura moja, jina lililosajiliwa lilikuwa kura 100, na kiwanja kimoja kilikuwa kura 2,000. Sasa tufanye hesabu. Mchezaji mwenye jina tu alikuwa na kura 100. Mwenye viwanja 500 alikuwa na kura 1,000,000. Ili kumshinda huyo mmoja, wenye majina matupu walihitajika zaidi ya 10,000, wote wawepo na wote wawe na nia moja. Ninyi mnaojua ugumu wa kupata akidi katika mkutano mkuu mtanielewa bila maelezo zaidi.

Ndugu zangu, jambo hili la kura kwa uzito wa mali si geni. Ndiyo desturi ya makampuni ya hisa tangu zamani. Wafumaji na mafundi 28 wa Rochdale, Uingereza, walipounda chama chao mwaka 1844, walikuwa wakiishi katikati ya makampuni ya namna hiyo. Wao wakashika njia nyingine, kwamba kila mwanachama awe na kura moja, awe na hisa nyingi au chache. Shirikisho la Ushirika la Kimataifa liliithibitisha tena kanuni hiyo katika mkutano wake wa Manchester wa mwaka 1995, nayo ndiyo iliyo katika masharti ya vyama vyetu.

Sasa tujiulize: kwa nini vijana hodari waliotaka kujenga jumuiya huru hawakuifuata kanuni hiyo ya Rochdale? Wengine watasema ni tamaa ya mali. Hilo huenda likawamo, lakini ipo sababu iliyo kubwa zaidi. Hawakuweza. Daftari lao linajua mikoba, halijui watu. Ukisema kila mkoba uwe na kura moja, mjanja mmoja atafungua mikoba elfu moja jioni hii na kesho asubuhi atakuwa mkutano mzima. Kwa kuwa hawana njia ya kumtambua mtu, wanalazimika kuhesabu mali, maana mali haiongezeki kwa kugawanywa.

Wataalamu wamejaribu kutafuta njia ya kati. Mojawapo ni kupandisha bei ya kura kadiri mtu anavyozidi kuzitaka: kura ya kwanza kwa tokeni moja, kura mbili kwa tokeni 4, kura tatu kwa tokeni 9, na kura 10 kwa tokeni 100. Hivyo tajiri hupunguzwa nguvu bila kunyang'anywa mali. Ni wazo zuri. Lakini mwenye tokeni 100 akizigawa katika mikoba 100, tokeni moja kila mkoba, hupata kura 100 badala ya 10. Kila njia yenye nia ya usawa inarudi pale pale: lazima kwanza ijulikane nani ni nani.

Ndugu Makatibu, sisi tunayo hazina ambayo wao hawana, nayo ni daftari la wanachama. Ndani yake mna jina, kijiji, sahihi au dole gumba, na majirani wa kushuhudia kwamba mtu huyo yupo, ni mmoja, na ni mkulima. Kanuni ya kura moja inasimama juu ya daftari hilo. Daftari likiharibika, kanuni itabaki katika karatasi, na sisi tutakuwa kama wale wenye mikoba isiyo na majina. Daftari lenye marehemu, lenye mtu aliyeandikwa mara mbili kwa majina mawili, au lenye wageni walioingizwa wiki moja kabla ya uchaguzi ni mikoba elfu moja ya yule mjanja.

Hatari hii si ya kubuni. Aprili 2022 ulitokea mkasa katika mfuko mmoja wa fedha wa aina hiyo, uitwao Beanstalk. Mfuko huo si mchezo, lakini kanuni zake za kura zilikuwa za namna ile ile. Mtu asiyejulikana alitoa pendekezo la kuhamisha fedha. Siku iliyofuata alikopa tokeni zenye thamani ipatayo dola bilioni moja, akapata zaidi ya theluthi mbili ya kura, akalipitisha pendekezo lake mwenyewe, akachukua fedha na kurudisha mkopo, yote katika tendo moja la sekunde chache. Aliondoka na zaidi ya dola milioni 70. Hakuvunja mlango wowote. Kanuni zilimruhusu kuwa mwanachama, mpiga kura na mshindi katika dakika ile ile. Hii ndiyo faida ya kuweka siku ya mwisho ya kusajili wanachama kabla ya mkutano mkuu, jambo ambalo baadhi yetu huliona kuwa usumbufu.

Mfano wa pili ni wa mchezo uitwao Axie Infinity, wa kampuni ya Sky Mavis ya Vietnam. Wakati wa maradhi ya korona, watu wengi huko Ufilipino waliucheza ili kujipatia riziki. Ili kuanza, mtu alihitaji wanyama watatu wa kuchorwa, na bei yao ilipopanda maskini hawakuimudu. Basi wenye wanyama wakawaazima wasio nao na kugawana nao mapato. Mchezaji alilipwa sehemu yake kwa tokeni iitwayo SLP, wakati tokeni iliyokusudiwa kwa uongozi ilikuwa nyingine, AXS. Mwenye kufanya kazi kutwa hakupata sauti kwa kazi yake, na bei ya SLP ilipoanguka, yeye ndiye aliyeumia kwanza.

Tusiwacheke. Katika vijiji vyetu yuko mama anayepalilia, anayechuma na anayebeba kahawa hadi kituoni, lakini jina lililo katika daftari ni la mumewe, na pengine mumewe yuko mjini mwaka wa tatu sasa. Mama huyo hana kura juu ya bei, makato wala uchaguzi wa bodi. Kura moja kwa kila mwanachama haimsaidii asiyekuwa mwanachama. Makatibu mnayo nafasi ya kumweleza taratibu za kujiunga na kiasi cha hisa anachotakiwa kununua, naye akitimiza masharti, aandikwe.

Mchezo huo huo unatupa funzo la tatu, linalohusu watia saini. Hazina yake ilikuwa na walinzi 9, na malipo yalihitaji saini za walinzi 5. Kwa maandishi, huo ni ulinzi mzuri. Lakini walinzi 4 kati ya 9 walikuwa chini ya kampuni moja. Novemba 2021 kazi ilipozidi, jumuiya ya mchezo iliiruhusu kampuni hiyo itie saini kwa niaba yake. Mpango ulikoma mwezi Desemba, lakini ruhusa haikufutwa. Tarehe 23 Machi 2022 wezi walioingia katika mitambo ya kampuni walikuta saini 4, wakaipata ya tano kwa njia ya ruhusa ile iliyosahauliwa, na wakachukua mali yenye thamani ya zaidi ya dola milioni 600. Polisi wa upelelezi wa Marekani walitangaza kwamba wezi hao ni wa Korea Kaskazini. Wizi huo uligunduliwa baada ya siku sita, mteja mmoja aliposhindwa kutoa fedha zake.

Kila chama hapa kina watia saini wa hundi. Je, ni watu watatu kweli, au ni mmoja mwenye hundi zilizotiwa saini mapema na wenzake wawili ili kazi isicheleweshwe? Je, aliyeondoka katika bodi mwaka jana, sahihi yake imekwisha ondolewa benki? Maswali haya yanajibika katika siku moja ya kazi.

Hata hivyo, haki itendeke: michezo hii ina mema ya kuigwa. Katika Decentraland, jambo kubwa lilipitia hatua tatu, yaani kuulizwa maoni, kisha rasimu, kisha uamuzi, na kila hatua ilihitaji kura nyingi kuliko iliyotangulia. Pendekezo liliandikwa na kusomwa na wote kabla ya kura, na matokeo yaliweza kukaguliwa na yeyote. Sisi mara ngapi wanachama wetu wamesomewa makadirio ya mapato na matumizi asubuhi na kutakiwa kuyapitisha kabla ya chakula cha mchana? Lakini uwazi wao nao una kasoro yake: kila mtu aliweza kuona mkoba gani umepiga kura gani. Katika uchaguzi wa viongozi, kura ya siri humkinga mnyonge dhidi ya mwenye gari linalobeba mazao yake.

Kwa hiyo, Ndugu Makatibu, kabla ya mkutano mkuu ujao napendekeza tufanye mambo haya:

1. Daftari la wanachama lisomwe hadharani katika kila kijiji, na makosa yasahihishwe kwa kufuata masharti, pamoja na haki za warithi wa marehemu.

2. Siku ya mwisho ya kusajili wapiga kura itangazwe mapema, nayo iheshimiwe.

3. Ajenda na makadirio yabandikwe ofisini kwa muda wa kutosha kabla ya mkutano.

4. Orodha ya watia saini ilinganishwe na kumbukumbu za benki.

5. Uchaguzi wa viongozi uwe wa kura ya siri, na kura zihesabiwe mbele ya wanachama.

Siku ikifika ya kupiga kura kwa simu, tusiikatae kwa sababu ni mpya, wala tusiipokee kwa sababu ni mpya. Tuulize jambo moja tu: je, chombo hiki kinamtambua mwanachama, au kinahesabu mali yake? Kikimtambua mwanachama, na kikaificha kura yake, kitatufaa. Kikihesabu mali, tukirudishe kwa wenyewe, maana hicho ni chombo cha kampuni, si cha ushirika. Na jibu la swali hilo halitatoka katika mitambo. Litatoka katika daftari lililo juu ya meza yako, Ndugu Katibu, na katika uaminifu wa mkono unaoliandika.